Donge Begani

Miaka kumi na mmoja Tusekile alikuwa akitengeneza jibini pale Tukuyu. Alizoea kutia kidole kwenye maziwa yaliyoganda na kuyainua. Yakipasuka mstari mmoja safi, anajua kimeng'enya cha tumbo la ndama, kinachogandisha maziwa, kimefanya kazi yake. Basi mwanawe mchanga, Lusajo, alipomcheulia donge begani, kidole kilikwenda chenyewe.

Donge likapasuka mstari mmoja safi.

"Baba Lusajo, mwanangu mmemfanya nini?"

Mumewe, Gwakisa, hakuinua macho. Siku hizi alama ya dole gumba la baba peke yake ilitosha kuiruhusu kliniki ibadili jeni za mtoto.

"Ni jeni moja tu. Binadamu wote tunayo, ila imelala. Wameiamsha, igandishe maziwa tumboni kama ya ndama. Sasa maziwa ya ng'ombe yanamkaa vizuri."

"Ya ng'ombe? Si mimi ninanyonyesha?"

"Mama yangu humpa, ukiwa kazini."

"Kwa nini?"

Gwakisa akatazama mlangoni. Pale yalikuwapo mabegi mawili ya safari, lake na la mtoto.

Tusekile akafungua blauzi upesi, akamsogeza Lusajo kifuani. Mtoto alikuwa ameshiba. Akageuza uso.