Kura ya Jumapili

Katika jengo la ushirika la Masaki, kila chumba kilikuwa cha mtu mmoja tu, na kila Jumapili wakazi walipiga kura kuamua nani akae humo. Zamda alikuwa amekikarabati chake kwa miaka minne, lakini majirani hakuwajua hata majina. Mama yake alipokuja kumtembelea kutoka Newala, aligonga kila mlango, akiwagawia korosho na kuwajulia hali.

Jumapili ukuta wa chumba, kama kawaida yake, ukatangaza matokeo ya kura kwa upole: "Mama Zamda, karibu nyumbani. Zamda, asante kwa kukaa nasi."

"Wanasemaje, mwanangu?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Wamekupenda, mama," Zamda alijibu, akianza kukunja nguo zake.

"Watu wazuri hawa! Tuwapikie nini kesho?"

Zamda alifunga zipu ya begi lake.