Mafuta kwenye Reli

Siku hizi reli ya ngazi hupima mkono wa kila anayeishika. Mkono ukilegea, taa nyekundu huwaka, na kabla ya jua kutua mwenye mkono huo huhamishiwa Makao ya Chini, kusiko na ngazi. Sijaona aliyerudi kutoka huko.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanahija, alikuwa ameanza kutetemeka mikono. Asubuhi alipotaka kwenda msibani, nilimkanda viganja kwa mafuta ya nazi ya moto mpaka vikatulia.

“Mama, shika kama unavyokamua tui,” nilimwambia nikimsindikiza ngazini.

“Nitashika, mwanangu. Rudi ndani, mtoto yuko peke yake.”

Akashika kwa nguvu zake zote. Kiganja kikateleza, taa ikawaka, na hapo ndipo nilipokumbuka mafuta.

Alipepesuka. Nikamdaka kwa mkono mmoja, na kwa mwingine nikaikamata reli tusianguke wote. Kiganja changu nacho kikateleza.

Taa ya pili ikawaka. Nyuma yetu, ndani ya nyumba, mwanangu aliamka akaanza kuniita.