Mkanda wa Dresa Maulidi

Walipofika kwenye kona ya njia na kumwona Maulidi, dresa wa dispensari ya mgodi, amesimama, wachimbaji wa zamu ya mchana walipunguza mwendo wote kwa pamoja. Huyu akainama kutoa mwiba, yule akakung'uta nywele, mwingine akatema mate majanini. Kisha wakampita mbiombio, macho chini, kila mmoja akiapa kuwa kifua chake ni kizima.

Maulidi alishika mkanda wake akasaga meno. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Hawa wa mgodini Geita walikuwa wanaukimbia uji pamoja na mpishi wake.

Mkanda wenyewe ulikuwa mzuri, hilo hakulikataa. Zamani kipimo chake, ule mpira wa kusikilizia vifua, alikuwa akikivaa shingoni. Kila akiinama juu ya mgonjwa kilimponyoka, leo kwenye beseni la usaha, kesho kwenye matope, watu wakakikanyaga. Mpira ukapasuka. Tangu hapo akikitia masikioni alisikia upepo tu. Akaenda kwa Bwana Meneja kuomba mpira mpya. Bwana, Mwingereza mpole wa maneno, akamwambia mpira hutoka Ulaya, avute subira. Baada ya siku chache akamletea mkanda wa ngozi kutoka kwa fundi wa Kihindi wa Mwanza, wenye bizimu ya shaba na kitanzi cha kukazia kipimo. Hata ukikimbia hakichezi.

"Kivae nje ya koti," Bwana alimwagiza. "Wakione kutoka mbali."

Akampa na kazi mpya: kila zamu ikitoka shimoni, asimame pale konani, kabla ya lango, apime vifua. Maulidi alikuwa mtu wa Tabora, si mwepesi wa kuamini wema wa Mzungu, lakini siku ile alimwombea dua. Vumbi la mawe lilikuwa linawamaliza watu kule chini, na hatimaye alikuwapo aliyejali.

Lakini asikilize kwa kipi? Alikumbushia ule mpira mpya hadi akaona haya. Subira, akaambiwa. Na wachimbaji nao, ambao zamani walikuja wenyewe kuomba dawa ya kikohozi, sasa wakikiona kipimo kiunoni walitawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Aliyebaki karibu naye ni mzee Maige, askari wa langoni. Kila zamu ikishapita, Maige alishika ufagio akafagia kona yote mpaka majanini, akazoa mchanga kwenye ndoo. Angalau yupo mmoja anayependa usafi, Maulidi alijisemea.

Aliyemtia uchungu zaidi ni Jilala, kijana wa Mhunze aliyekuwa akitoboa mwamba. Kikohozi chake Maulidi alikitambua hata kutoka mbali. Mkewe, Limi, alikuja mwenyewe dispensari, akapiga goti, akaeleza kuwa mumewe akilala anakoroma kama mtu anayezama. Dresa akithibitisha kwamba kifua kimeharibika, Jilala angetolewa shimoni apewe kazi ya juu, na huenda angepona. Basi Maulidi akamvizia konani. Jilala akapita porini. Akamfuata mpaka kambini. Jilala akatoboa ukuta wa nyasi wa kibanda chake mwenyewe, akatokomea.

Siku hiyo Maulidi alirudi kazini nyongo imempanda, akaipiga teke ndoo ya Maige. Mzee alipiga magoti akauzoa mchanga wote tena kwa viganja.

Mwishowe Jilala aliletwa kwa machela. Maulidi aliuacha mpira uliopasuka, akaweka sikio lake kifuani pa kijana. Alichosikia kilimtosha. Ugonjwa ule angeuwahi miezi iliyopita, kama angeachiwa dakika moja tu na kifua kile. Adhuhuri haijafika, Jilala alikata roho.

Maulidi alikaa kitako kando ya machela. Baadaye akamwuliza Limi kwa nini mumewe alikuwa akimkimbia.

Limi aliutazama mkanda. "Alimeza punje moja, baba. Moja tu, ili tupate mtamba. Na kipimo chako kinasikia dhahabu mwilini."

"Nani kasema?"

"Mzee Maige. Aliwaambia wote, siku ile ulipovaa mkanda."

Miezi yote ile ya kukimbiwa kama mtoza kodi, na sasa maiti hii, kumbe ni kwa uvumi wa mzee mmoja mjinga. Akachomoa kipimo kiunoni, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Bwana Meneja, hodi hakubisha. Maige atafukuzwa leo hii, aliapa njiani, na mpira mpya utaagizwa leo hii.

Maige alikuwamo. Alikuwa amechuchumaa sakafuni, ndoo yake ubavuni, akiosha mchanga kwenye karai, na Bwana Meneja amemwinamia begani.

Maulidi alikitupa kipimo mezani. Alisema mtu amekufa, alisema mpira umepasuka, hausikii kitu, haujasikia kitu tangu kabla hajapewa mkanda. Anataka mpira mpya.

Bwana hakuinua macho. Kwenye karai maji yalikuwa yanatulia, na chini yake mstari wa manjano ulianza kuonekana.

"Mpira mpya wa nini?" akasema. "Huo unafanya kazi vizuri sana."