Kadi ya Dada

Hakimu wa mji wa Mansura aliinua nakala ya kitambulisho, kisha akamtazama Shahenda. "Binti, una miaka mingapi?"

"Kumi na tisa, mheshimiwa."

"Humu imeandikwa ishirini na tatu."

Shahenda alibana vidole gumba ndani ya ngumi. Alikuwa amesaini kuimba na bendi ya harusi kwa miaka kumi, na sasa mwenye bendi alitaka kumpeleka ng'ambo akaimbe hotelini. Wakili wa Shahenda alimwambia kwamba hajatimiza ishirini na moja, umri wa kisheria wa kusaini, kwa hiyo mkataba utavunjwa. Ila ikionekana alitumia hati ya uongo, atashtakiwa.

Wakili hakujua habari za kadi. Mama naye hakujua.

"Kadi kaileta mwenyewe," mwenye bendi alisema. "Mimi ningejuaje ni mtoto, na sauti yote ile?"

Hakimu akasoma jina. Lilikuwa la dada yake Shahenda, aliyefariki mwaka juzi. Nyuma yake, Shahenda akasikia pumzi ya mama ikikatika. Hakuthubutu kugeuka.

"Nani alikupa kadi hii?"

Kabla hajajibu, benchi lilikwaruza sakafu.

"Nilimpa mimi, mheshimiwa," mama alisema. "Na la kusema nilimfundisha mimi. Mtoto hana kosa."

Hakimu alimwashiria karani aandike. "Mkataba umefutwa. Wewe mama, usitoke humu."

Mama alikuwa hajaiona kadi ile tangu siku ya msiba.