Jibu la Swali la Kumi na Tisa

Mwaka ule, kila jibu la mazoezi ya mtihani wa wachambuzi wa mifumo ya bima liligeuka kanuni papo hapo, na mfumo ukaanza kuitumia kwa wateja.

Mghoi alikuwa akijiandaa kwa mtihani huo jikoni kwake, mjini Voi. Swali la kumi na tisa liliuliza: mgonjwa aliyekosa kliniki mara tatu afanyweje? Akaandika, "Bima yake isimamishwe." Akapewa alama zote.

Kabla chai yake haijapoa, mama yake akapiga simu kutoka zahanati.

"Mghoi, mwanangu, nimenyimwa dawa ya presha. Eti nimekosa kliniki mara tatu. Si unayajua magoti yangu?"

"Nayajua, mama. Ngoja hapo hapo."

Alifuta jibu, akaandika, "Aulizwe kwanza kilichomzuia." Alama zikashuka chini ya kiwango cha kufaulu.

"Nimepewa!" mama akasema. "Mungu ambariki aliyerekebisha."

Mghoi aliitikia amina, akakata simu. Swali la ishirini lilihusu mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya siku zake. Jibu lenye alama zote alilijua. Lakini kabla ya kuliandika alijiuliza mtoto huyo ni wa nani.