Kengele ya Ng'ombe wa Nabwile

Mheshimiwa hakimu alimchukua kijana kutoka shule ya kurekebisha tabia kule Kitale, akamleta kijijini Matulo amwombe msamaha Mama Nabwile, ambaye kijana huyo alimwibia ng'ombe.

Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya miwa. Nabwile hakusalimia mtu. Alimfungua ng'ombe yule yule aliyeibwa akapatikana, akamwekea kijana kamba mkononi.

"Si mto unaujua? Mpeleke akunywe maji."

Kijana alimtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa akasogea, akampisha.

Wakazama ukunguni, kijana na ng'ombe. Ikabaki kengele ya shingoni tu, ikilia polepole, ikiteremka, kama inayolia ndotoni.

"Mheshimiwa, si wewe ndiye ulisema amebadilika?" Nabwile akauliza. "Sasa mbona hupumui?"

Kule chini, kengele ikanyamaza.