Nguzo Nne

Rungu lilitua mdomoni mwa fundi mzee, na jino likaruka hadi kwenye viatu vya Genoveva, mchora ramani wa ghala la Maretadu.

"Ukuta wako umemuua mwanangu! Nani alisema nguzo nne zinatosha?" alifoka mwenye rungu.

Fundi akatema damu. "Mimi, ndugu yangu."

Genoveva akaibana simu yake. Humo alikuwa ameiuliza akili mnemba ghala linahitaji nguzo ngapi, ikamjibu nne. Fundi alikuwa amemwonya, "Binti, udongo huu mweusi hupasuka kiangazi," lakini yeye hakuutaja udongo kwenye swali.

Rungu likapanda tena. Mzee hakumtupia Genoveva jicho hata mara moja, asije akamponza.

Genoveva akaokota jino, akalifuta kwa kanga, akasimama katikati yao.

"Shikamoo, baba," alimwambia mwenye rungu, akimpa simu. "Soma nilichouliza."